Mashua ya Bibi Rayta na Siku Tatu za Jua

Habari hii wameipokea waliotutangulia, mtu kwa mtu, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yote: ya kwamba katika mji mmoja kando ya mto Dijla, baina ya Basra na Wasit, alikuwako kijana aliyeitwa Thumama bin Rabii, mkaguzi wa mashua. Chuo alikiacha mapema, juzuu ya tatu hajaimaliza, na inasemekana mwalimu wake, Mungu amrehemu, alimshukuru Mola wake kimyakimya. Lakini mbao alizijua. Ujuzi huo aliurithi kwa marehemu baba yake kama wengine wanavyorithi pua.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mtu akitaka kununua mashua, mpya au iliyokwisha kutumika, humwita Thumama aitazame kwanza. Naye huja amepiga kilemba cheupe kuliko cha kadhi, akaizunguka mashua mara moja, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kisha akatoa hukumu. Na hukumu zake zilikuwa na pilipili. Mwenye mashua mbovu huulizwa mbele ya watu kama anauza chombo cha kupandia au hori la kunyweshea ng'ombe. Watu wakicheka. Wakampa jina la Abu Jicho, naye akalivaa jina hilo kama joho la sikukuu.

Baba yake hakuwa akifanya hivyo. Yule marehemu hakutoa neno juu ya mashua iliyo majini, hata aombwe na liwali. Mbao zikilowa huvimba, na zikivimba hufumba nyufa zake zote, hata mashua mbovu ikaonekana nzima. Kwa hiyo desturi ya mji ilikuwa kuipandisha nchi kavu, kuilaza juu ya magogo ya mtende siku tatu juani, kisha kuipindua. Hapo mkaguzi hutambaa chini yake, katika giza, akatazama kama kuna mahali mwanga unapenya. Thumama aliifuata desturi hiyo mwaka wake wa kwanza. Mwaka wa pili akaona kwamba siku tatu ni za wasiojua kazi.

Sasa, alikuwako katika mji ule mjane mcha Mungu, Bibi Rayta binti Habib, mwenye kufunga Jumatatu na Alhamisi, asiyejulikana kumsema mtu. Alikuwa ameuza kiunga cha mitende alichoachiwa na mumewe, ndicho alichokuwa nacho duniani, ili anunue mashua ya kuvushia watu. Mkwewe ndiye angeiendesha. Na safari ya kwanza ilikwisha pangwa: Jumamosi ya juma lile ivuke na binti yake, mkwewe na watoto wao watano, wahamie ng'ambo ya pili. Ulikuwa msimu wa theluji kuyeyuka milimani. Mto ulikuwa umejaa, una rangi ya udongo, na aliyeuangukia siku zile hakurudi.

Mwenye kuuza alikuwa mgeni kutoka juu ya mto, Ghalib bin Harith. Alikuwa na haraka, kwa kuwa msafara wake ungeondoka Ijumaa baada ya swala. Alhamisi asubuhi mashua ilikuwa imefungwa kando ya mto, yaelea, imepakwa lami nyeusi inayong'aa. Watu wakakusanyika, si kwa ajili ya mashua, bali kumsikiliza Abu Jicho.

Bibi Rayta akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, haipandishwi juu kwanza? Baba yako alikuwa akiipandisha."

"Baba alikuwa na macho, mama," akajibu Thumama. "Mimi nina macho na sikio."

Watu wakacheka, naye akazidi kunyooka. Akaigonga mashua mara tatu, akafumba macho kama mtu anayeonja asali, kisha akasema kwamba hiyo itawavusha mpaka wajukuu wa wajukuu wake. Bibi Rayta hakucheka. Alisema tu kwamba anamwamini, na kwamba Mwenyezi Mungu ni shahidi baina yao. Bei ikatolewa, mikono ikapeanwa, watu wakatawanyika.

Thumama akarudi nyumbani akiimba puani. Alasiri ilikuwa karibu. Mkewe, Maysuna, alikuwa ameteremsha kutoka darini ndoo ya mbao iliyokaa juani tangu baridi ilipokwisha, akaitia maji ya kutawadhia. Maji yakachuruzika kila maungio, yakamlowesha Thumama pindo la kanzu. Naye, kama ilivyo ada yake, akamwuliza kama amenunua ndoo au chujio.

Maysuna hakuinua hata kichwa. "Haina neno," akasema. "Iache ishinde majini, itajifumba yenyewe. Ukija baadaye utaiona nzima, hata wewe utaisifu."

Wanasema Thumama alikaa chini pale pale, penye maji.

Shetani hakuchelewa kumjia, tena alikuja na maneno ya busara. Akamwambia kwamba huenda mashua ni njema. Mbona ilitoa sauti nzuri? Akamwambia kwamba Ghalib anaonekana mtu wa heshima. Akamwambia afikiri kuhusu jina lake. Na mwisho akamwambia neno ambalo lilimtisha Thumama kuliko yote: kwamba mashua ikizama Jumamosi na watu saba, yeye atasimama kando ya mto aseme ni kudra ya Mungu, na watu watamwamini.

Akaenda msikitini. Aliswali Alasiri asijue ni rakaa ya ngapi. Imamu alipotoa salamu, Thumama akasimama, kama asimamavyo mwenye haja, na kilemba chake kikiwa kimelala upande.

"Enyi waja wa Mungu," akasema, "asubuhi nilitoa ushahidi juu ya kitu nisichokiona. Mashua ya Bibi Rayta sikuikagua. Niliigonga tu, ili mcheke. Asipande mtu mpaka ikauke."

 Mmoja nyuma akasema kwamba leo Abu Jicho amekuwa chongo, na safu zote zikatikisika kwa kicheko ndani ya nyumba ya Mungu. Lakini Ghalib hakucheka. Alisimama, uso umemwiva, akauliza kama anaambiwa kwamba amemdanganya mjane.

"La, ndugu yangu," Thumama akamjibu. "Moyo wako siujui, na chini ya mashua yako sipajui pia. Kosa langu ni kwamba asubuhi nilisema napajua."

Ghalib akatoa agizo kwamba msafara uende zake bila yeye. Hatatoka katika mji ule, alisema, na nyuma yake limebaki jina la mwizi.

Basi mashua ikapandishwa, ikalazwa juu ya magogo ya mtende. Na Thumama, Mungu amridhie, akakaa ubavuni mwake tangu alfajiri hadi magharibi, ili asije mtu akaimwagia maji, kwa wema au kwa ubaya. Hizo zilikuwa siku tatu. Ewe msomaji, usizipite haraka. Kila mtu aliyepata kuchekwa kwa ulimi wa Thumama alifika kulipiza, na wengine walikuja na ndugu zao. Yule wa hori la ng'ombe alimjia, akamgonga juu ya kilemba kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akawaambia wenzake, "Hiki ni kitupu." Wakambadilishia na jina pia. Hakuwa tena Abu Jicho. Sasa ni Abu Siku Tatu. Majibu yalimjaa kinywani, mengine mazuri sana, naye akayameza yote. Mchana Bibi Rayta akimpelekea mkate na tende, asimwambie lolote, na kimya kile kilimwelemea kuliko maneno ya watu wote.

Siku ya tatu, adhuhuri, jua liko utosini, mashua ikapinduliwa. Kandokando wakaizungushia mikeka, mwanga usipite chini. Thumama akavua kilemba chake cheupe, akalala kifudifudi kwenye tope la ukingo wa mto, akaingia.

Ndani kulinuka lami na samaki wa zamani. Akasubiri macho yazoee. Akatambaa toka omo, ndiko mbele, hadi tezi, ndiko nyuma, akipapasa kila maungio kwa vidole, akitafuta japo nukta ya mwanga, japo tundu la sindano. Hakuona kitu. Akarudi toka tezi hadi omo. Giza tupu. Hajapata maishani mwake kulifurahia giza kama lile. Nje watu walimsubiri mpaka wakaanza kunong'ona kwamba ameona ufa wa kupita paka, kumbe alikuwa amesujudu, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuinua mgongo, sijida yake ilikuwa ya mtu aliyelala.

Akatoka, uso na magoti vimejaa tope.

"Nzima," akasema.

Walicheka hata walio ng'ambo wakasimama kutazama. Ikawa maneno yake ya Alhamisi yalikuwa kweli. Siku tatu za jua, msafara uliomwacha mwenyewe, heshima iliyoanguka, yote kwa mashua isiyo na kasoro. Mtu mmoja akamwonea huruma, akamwambia, "Kidole chako kilisema kweli, Thumama. Umejifedhehesha bure."

Hapo ndipo Bibi Rayta alipofungua kinywa. "Si bure," akasema. "Alhamisi nilinunua neno la huyu. Leo nimenunua mashua."



Thumama akamwendea Ghalib mbele yao wote, akamtaka radhi. Ghalib akamfuta tope usoni kwa ncha ya shuka yake, akasema kwamba ameuza vyombo vitano maishani mwake, na hiki ndicho cha kwanza ambacho kuna mtu aliyekitazama. Mashua ikateremshwa majini, na safari yake ya kwanza ikawachukua watu saba wa Bibi Rayta, na Ghalib akiwa wa nane, aufuate msafara wake uliotangulia kwa njia ya ng'ambo. Aliyepiga kasia pamoja na mkwewe Bibi Rayta, bila ujira, mnamjua.

Lile jina la kebehi halikumwondoka tena. Miaka ikapita, waliolitunga wakasahau walilitunga kwa nini. Wageni wakifika kutoka Wasit na Basra wana mashua za kununua, wakiulizia njiani nyumba ya Abu Siku Tatu. Huyo Abu Jicho hakuna aliyekuja kumwulizia.

Na wewe unayesoma, uliyekwisha kusema moyoni mwako kwamba ungenyamaza tu kwa kuwa mashua ilikuwa nzima, hebu jiulize ungejuaje. Thumama mwenyewe hakujua, mpaka alipovua kilemba akaingia chini yake. Mwenyezi Mungu atujaalie kutazama kabla ya kushuhudia, na atusitiri siku tutakapopinduliwa sisi juani.