Wimbo wa Harusi ya Wengine

Mchuma janga hula na wa kwao. Anayechuma ubaya asidhani ataumeza peke yake. Siku moja sahani humfikia hata mwanawe asiyejua shamba lilipo.

Bisimwa alikuwa na kibanda mtaani Kadutu cha kuwekea watu nyimbo kwenye simu. Ukimpa simu yako na pesa kidogo, kufumba na kufumbua imejaa kama gunia la maharage. Nyingi zilikuwa za jirani yake Mapendo, mwimbaji wa harusi, ambaye hakupata hata ya chumvi. Mapendo alisikia sauti yake ikitoka kwenye teksi, kwenye saluni, hata mfukoni mwa mtu aliyempita bila salamu. Alichoka. Aliposhindwa kuwalipa wapigaji wake, kikundi kilivunjika, naye akaenda sokoni kuuza sambaza, visamaki vya ziwani.

Ikawa Déborah, kifunguamimba wa Bisimwa, ameposwa. Na bibi harusi kwao haingii ukumbini ila kwa wimbo unaomtaja yeye na wazazi wake. Asiyetajwa ni kama hana wenyewe. Bisimwa akamwendea Mapendo.

"Maman Mapendo, uniimbie mutoto."

"Na nani, Papa Déborah? Mupiga gitaa iko Kamituga, anachimba zahabu."

"Imba peke yako basi."

"Nimechoka." Mapendo aliendelea kupanga sambaza. "Ungewaambia tu wale watu: mwenye wimbo iko pale, mumutumie yeye mwenyewe feza kidogo kwa simu. Leo tungekuwa wote hapa, tunakupigia muziki mpaka asubuhi."

"Bon. Nyimbo zako si niko nazo?" akajibu Bisimwa, akaenda zake.

Akachagua mmoja wenye mwanzo mtamu. Nyimbo alizijua kwa mianzo tu. Hakuwahi kusikiliza hata mmoja hadi mwisho, asijue kwamba kila mmoja ulimtaja bibi harusi wake.

Siku ya harusi wimbo ukaanza, Déborah akaingia polepole, akimeta kama ziwa la asubuhi. Alipofika katikati ya ukumbi, sauti ya Mapendo ikapaa: "Pita, Agnès, binti wa Adalbert, ua la Kalehe!"

Shangazi wa bwana harusi akaruka. "Eh! Ngombe zetu tulizitoa kwa nani? Huyu Agnès iko wapi, mutuletee!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bisimwa akakimbia kuzima. Déborah akabaki amesimama, machozi yakichora mistari kwenye poda.

"Papa," alisema, "hata mimi unanipa wimbo wa wengine?"

Bisimwa akamgeukia Mapendo, aliyeketi miongoni mwa wageni. Kwa huruma ya yule binti, Mapendo akainuka, akafungua kinywa. Sauti iliyokwisha kwa kunadi samaki ikatoka mkwaruzo, ikakatika. Akakohoa, akaketi.

Déborah akamalizia njia katika kimya, viatu vyake tu vikilia sakafuni. Baba alichumia kibandani, binti akalia ukumbini: mchuma janga hula na wa kwao.