Chungu Kilichorudishwa Ndani

Wenye hekima walionya kwamba mtoto hufunzwa angali laini. Akishakomaa, kumfunza ni kazi ngumu. Naomi, mfinyanzi wa kijiji cha Ikombe kando ya ziwa, hakulikubali neno hilo.

Zama za utawala wa Wajerumani, Mwalimu Eliud wa misheni alikuwa na darasa la watoto wadogo. Aliwapeleka ufukweni kucheza: wakayaacha majani yaelee majini, wakafinyanga vyungu vidogo mfano wa yai, vingine wakavianika juani, vingine kivulini, kisha wakaulizana sababu ya tofauti zake. Neli, bintiye Naomi mwenye miaka sita, alirudi nyumbani ana matope hadi masikioni.

"Mwalimu," Naomi alilalamika, "nilikupa mtoto umfunze kusoma, nawe wamfunza kuchezea tope! Kwetu binti hashiki udongo mpaka akue. Jumatatu namtoa, akafukuze ndege mpungani."

"Mama, anayeuliza sasa hatauliza akiwa amechelewa," Eliud alijibu. Naomi alikwisha kugeuka.

Jumamosi Naomi alikwenda mazishini. Alimwachia Anyitike, binti yake mkubwa aliyeanza ufinyanzi mwaka ule tu, vyungu vibichi vilivyokuwa vikikauka ndani ya nyumba. Ndivyo vingebadilishwa kwa mpunga wa kijiji cha Ikolo mnadani. Anyitike, mwenye pupa kama moto wa nyasi, alivitoa vyote uani.

"Dada, jua litavipasua!" Neli alilia. "Nje hukauka upesi, ndani kungali maji. Vyetu vilipasuka!"

"Ondoka, mwalimu wa matope! Kaoshe masikio kwanza."

Neli alikumbatia chungu kimoja, akakirudisha ndani, akaketi mlangoni mithili ya askari.

Jioni Naomi alikuta nyufa uani kote.

"Sikukuambia uviache ndani?"

"Uliniambia, mama. Hukuniambia kwa nini."

Naomi aliingia nyumbani. Ndani alikuta chungu kimoja kizima, na Neli amelala ubavuni pake.

Jumatatu alimshika Neli mkono, wakaipita njia ya mpungani, wakashuka ufukweni.

"Ndaga, mwalimu," alishukuru. "Mtoto wako huyu."

"Na yule mkubwa, mama?"

"Yuko kinuni, anatwanga vyungu vilivyopasuka ili tuviloweke upya. Mnada umetupita. Naye nitamfunza upya, kwa jasho lile lile."

Hakika, udongo uwahi ungali maji.