Jumbe Nakiete Aenda Kula Kigolo

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mbona mnaitikia kinyonge, na ugali mmekula wote? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu. Zamani za kale, enzi ambazo ndege na ngiri walikaa barazani na kutoa maoni kama mimi na wewe, palikuwa na nchi mbili zilizotengwa na mto. Huku Matweru, kule Kigolo. Jumbe wa Matweru alikuwa mwanamke, Nakiete. Siku aliyotawazwa aliapa mbele ya Mungu kwamba hatatia tonge kinywani jioni yoyote kabla hajaona moshi wa kila jiko. Ndiyo desturi ya majumbe wa pande zote mbili.

Basi kila jioni Nakiete hupanda kilima, hutazama kwake, hutazama na ng'ambo. Akiona moshi husema, "Asante Mungu, watu wanakula," hushuka, naye hula.

Mwaka mmoja nzige wakaivamia Kigolo, wasibakize hata jani. Nakiete akapanda kilima roho juu. Siku ya kwanza, moshi tele ng'ambo. Siku ya pili, moshi tele. Siku ya tatu, moshi tele. "Kumbe wana akiba," akasema, akashuka akala kwa raha zake.

Hajamaliza, Hondohondo akatua dirishani. Ndege yule mdomo wake mkubwa, na maneno hamung'unyi.

"Jumbe, unakula?"

"Nakula. Karibu."

"Kigolo hawajala."

"Wacha wee! Moshi nimeuona kwa macho yangu."

"Moshi umeuona. Chungu umekifunua? Mle mna maji matupu. Wanawasha moto ili ninyi msijue, wanaona aibu. Watoto hawalii tena, nguvu za kulia hawana."

Nakiete akalirudisha tonge. Siku tatu ameshiba, na watoto wa jirani wanazimia! Akaona haya, akaona uchungu, akasukuma sahani.

Ngiri, mtunza ghala, akakohoa. "Jumbe wangu, kiapo chako ni cha Matweru. Kigolo wana jumbe wao, Lugome."

"Nilipoapa, Ngiri, Mungu alikuwa amekaa upande gani wa mto?"

Ngiri akaenda kufungua ghala.

Nakiete akapeleka mtama, ukarudi. Akapeleka maharage, yakarudi. Akapeleka mihogo mikavu, ikarudi. Kila mara jibu la Lugome ni lile lile: "Mshukuruni jumbe wenu. Sisi tumeshiba."

Ndugu zangu, mwanamke yule alichoka! Siku mbili hakula. Akapiga magoti: "Ee Mungu, chakula ninacho, njia ya kukipitisha sina. Nionyeshe." Kisha akainuka anacheka peke yake.

"Ngiri! Kila nyumba ijitwike chakula. Tunakwenda Kigolo kula."

"Kula? Kigolo?"

"Kula. Na wewe beba gunia, usinitolee macho."

Wakavuka mto, Jumbe mbele, mtama kichwani. Mlangoni kwa Lugome akapiga hodi. Lugome akatoka, mashavu yamebonyea, lakini kanzu yake safi.

"Kaka yangu," akasema Nakiete, "tumekuja wageni. Nafaka tumebeba, ila kwangu chakula hakinishuki. Sijala tangu juzi. Naomba mtupikie."

Nao watu wa Kigolo, mgeni kwao hali peke yake. Mwenyeji asipokula naye, ni sawa na kumtukana. Lugome akatazama magunia. Akamtazama Nakiete.

"Dada, wewe unajua."

"Najua njaa yangu tu. Utaniweka mlangoni mpaka lini?"

Lugome akacheka, machozi yanamtoka. "Jamani, pikeni! Tuna wageni!"

Kukasongwa, kukapakuliwa. Wakala watoto, wakala wagonjwa, wakala wote. Ngiri alikula sahani nne, na gunia alilibeba moja. Majumbe wawili ndio waliobaki hawajala, na chunguni hamna kitu ila ukoko. Lugome akaubandua, akaukata, kipande kikubwa akampa mgeni wake.

"Dada," akasema, "nzige hawaulizi mpaka. Wakija kwenu, utaniambia?"

Nakiete akaugeuzageuza ukoko kwanza, maana na yeye jumbe, na majumbe wana kiburi chao.

"Nitakuja mwenyewe kukupigia hodi."

"Na chungu kitupu?"

"Na chungu kitupu, kaka. Mbele ya watu wote."

Akatafuna ukoko wake, kru kru kru, moyo mweupe, akashiba.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye ukoko. Aliyebakiza ugali na ampe jirani yake.