Kamera Moja Lazima Irudi Voi

Kaeni vizuri. Leo nina watu watatu na kamera mbili, na nikimaliza sitawapa jibu, kwa sababu sina. Mtanipa nyinyi.

Watu wenyewe ni wa familia moja, wenyeji wa Ndolwa, kijiji cha milima ya Taita kilichojengwa chini ya jabali refu. Wa kwanza ni Mghoi, fundi wa cherehani. Kipaji chake ni subira. Anaweza kufumua mshono wa gauni zima, uzi mmoja baada ya mwingine, bila kusonya hata mara moja.

Wa pili ni shemeji yake, Mwadime, mdogo wa mumewe. Huyu alifanya kazi miaka sita katika studio ya picha mjini Voi kabla studio haijafungwa. Kipaji chake ni mwanga. Ukimkaribisha chumbani, kabla hajamaliza kusalimu ameshaangalia dirisha liko upande gani.

Wa tatu ni shangazi yake Mwadime, Wakesho, mjane mwenye mbuzi wa maziwa, ambaye kila asubuhi hukata majani chini ya lile jabali. Kipaji chake ni kukumbuka. Muulize mvua za mwaka juzi zilianza siku gani, atakutajia, na atakwambia siku hiyo ulikuwa umevaa nini.

Kikundi cha kijiji kiliamua kununua kamera ya kupigia picha za harusi, mazishi na sherehe za shule. Mghoi na Mwadime wakatumwa Voi, dukani kwa Bwana Farjalla. Waliingia saa nne. Saa nane walikuwa bado humo wakibishana.

Mghoi alikuwa ameshika kamera ndogo, inayoingia mkobani, yenye lenzi moja isiyotolewa, lakini lenzi hiyo ilivuta vitu vya mbali mpaka ukaona kama unaweza kuvigusa.

"Shemeji, hebu njoo uone," alisema akiwa mlangoni. "Yule mama aliyesimama kule stendi. Nimesoma maandishi ya leso yake!"

Mwadime yeye alikuwa ameshika kamera kubwa nyeusi, ya aina ile wapiga picha huiita DSLR, ya bei ya chini katika aina yake. Ilikuja na lenzi moja fupi.

"Na huyo mama akiingia kanisani je?" alijibu. "Hiyo yako penye giza ni kipofu. Jicho lake la ndani, lile linalonasa mwanga, ni dogo kuliko ukucha. Picha zitajaa chenga, bibi harusi adhani ana upele."

"Na wewe mtu akiwa mbali utampigaje?"

"Nitamsogelea. Na baadaye tutanunua lenzi ndefu. Hii inabadilishwa."

"Baadaye ya lini, shemeji?"

Bwana Farjalla alitaka kufunga duka akale. "Bei ni ileile," alisema. "Chukueni zote mbili, mkazitumie siku tisa. Si keshokutwa, Jumatatu ile nyingine, nina safari ya huko milimani. Nitapita Ndolwa, mnipe moja, na nyingine ibaki yenu. Lakini moja tu, tafadhali. Itakayorudi ina mnunuzi."

Wakarudi nyumbani, kila mmoja na yake.

Jumatatu asubuhi Wakesho alifika kwa Mghoi akiwa bado na mundu mkononi. Hakukaa.

"Mghoi, nasikia una kitu cha kuona mbali."

"Ninacho, shangazi."

"Basi nitazamie juu ya jabali. Kuna mlio. Nimeusikia siku nne sasa, kama mtu anayekokota kabati sakafuni. Na maji ya chemchemi yametoka mekundu. Hayajawahi kuwa mekundu tangu niolewe hapa."

Habari hiyo Wakesho alikuwa ameshampelekea naibu wa chifu, Bwana Malemba. Malemba si mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mama, nikimpigia simu mtaalamu wa miamba nimwambie jabali linakokota kabati, ataniuliza nimekunywa nini. Niletee kitu cha kuonyesha."

Sasa nisikilizeni, nieleze kila mmoja alifanya nini.

Mghoi alivuka bonde, akapanda mgongo wa kilima kinachotazamana na jabali. Huko juu ya jabali hakupandiki. Ni ukuta mtupu, na penye mashimo kuna nyuki. Jumatatu hiyo ukungu haukutoka mpaka adhuhuri, na akina mama waliokuwa wakipalilia karibu walimcheka alivyosimama tu na kidude chake. Ukungu ulipofunguka aliiegemeza kamera juu ya nguzo ya ua, akavuta lenzi mpaka mwisho, akairuhusu ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi ili mkono usiitikise. Alirudi Jumanne. Alirudi Jumatano, kwenye nguzo ileile, alama ileile aliyoiweka juu yake. Alipozilinganisha picha za siku tatu, aliona mtini ulioota ukingoni mwa jabali ukiinama kidogo zaidi kila siku, na mzizi wake mmoja umevutwa mpaka ukakatika, ndani mweupe kama muhogo. Nyuma ya mtini kulikuwa na ufa.

Mwadime alikuwa ameenda naye Jumanne na kamera yake kubwa. Picha yake ya jabali ilitoka nzuri kabisa, ya kutundikwa ukutani. Lakini ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele, na alipoikuza picha ukapotea. Hakubisha. "Hapo umenishinda, shemeji," alisema.

Malemba alizituma picha za Mghoi kwa mtaalamu wa miamba, mama mmoja aitwaye Mhandisi Auma. Auma alipiga simu jioni hiyohiyo.

"Nimeuona ufa," alisema. "Ni wa kutia wasiwasi. Lakini majabali mengi yana nyufa juu. Nataka kujua kama unashuka mpaka chini. Kama ni ganda tu, tutasubiri. Kama ni jabali zima, hatuna muda. Je, kuna mahali unapoweza kuingia nyuma yake?"

Palikuwapo. Wakesho alipajua: mwanya nyuma ya chemchemi, mtu anaingia kwa ubavu, ndani giza tupu na matone ya maji.

Alhamisi Mghoi ndiye aliyejaribu kwanza. Aliiweka kamera yake juu ya jiwe, akajaribu mara nne. Picha zikatoka nyeusi zenye chenga nyekundu na kijani, huwezi kutofautisha jiwe, maji wala ukuta. Alipowasha taa ya kamera, mwanga ulipiga ukungu wa ndani ukamrudia machoni. Alitoka amelowa, akiuma midomo.

Ndipo Mwadime akaingia. Alizima kila kitu, akasimama gizani kwanza mpaka macho yakazoea. Akaiweka kamera yake kubwa chini, akaacha jicho la kamera wazi sekunde ishirini, na sekunde hizo zote akatembeza tochi polepole kandokando ya ukuta, si kwa mbele, ili kila kovu la jiwe litoe kivuli chake. Alipokuwa katika picha ya tatu kijiwe cha ukubwa wa ngumi kilidondoka kikampiga begani. Mghoi alimwita kutoka nje.

"Mwadime, toka! Inatosha!"

"Bado moja," alijibu. "Hii imetikisika."

Akapiga tena. Alipotoka, mkono wake wa kushoto haukuinuka juu ya kifua, na mpaka leo hauinuki vizuri.

Picha hiyo ya mwisho ilikuwa safi kama imepigwa adhuhuri. Ukuta wote ulionekana, umepasuka toka dari mpaka sakafu. Lakini ufa peke yake unaweza kuwa wa miaka mia. Kilichomfanya Mhandisi Auma ainuke kitini kilikuwa kitu kingine ndani ya picha: mstari wa chokaa, uliochorwa kupita juu ya ufa, na mstari huo ulikuwa umekatika vipande viwili, kimoja kiko juu ya kingine kwa upana wa kiganja.

"Nani alichora huu mstari?" Auma aliuliza kwenye simu, Ijumaa alfajiri.

"Mimi," alisema Wakesho.

"Lini?"

"Jumatatu ya Pasaka, baada ya kukama. Kulikuwa na ufa wa kuingiza ukucha. Nikachukua chokaa iliyobaki nilipopaka ukuta wa jikoni, nikachora, nijue kama ninaota. Mwezi wa saba ulikuwa umeachana kwa kidole kimoja. Mwezi wa tisa, vidole viwili. Mwezi huu sikuingia, nimeogopa."

"Na ulimwambia nani?"

"Niliwaambia wote tangu mwezi wa saba, wakanicheka," alisema Wakesho. "Sikuwa na picha."

Kisha Auma akasema, "Bwana Malemba, watu wote walio chini ya jabali wahame. Si kesho. Sasa."

Wakahamishwa Ijumaa hiyo, nyumba ishirini na moja, kwenda shuleni upande wa pili wa mto. Wapo waliokataa. Mzee mmoja aliketi juu ya kitanda chake akasema babu yake alilikuta jabali hapo na litamzika yeye. Mghoi alimwonyesha picha ya mzizi, Mwadime akamwonyesha picha ya mstari. Wakesho alikaa naye tu kitandani akamtajia, jina kwa jina, watoto waliozaliwa katika nyumba ile. Mzee akavaa viatu.

Jumamosi, saa nne kasoro asubuhi, mtini ukaanguka kwanza. Halafu jabali. Waliokuwa shuleni wanasema hawakusikia mlio mwanzoni, waliona tu vumbi likipanda pale palipokuwa na paa. Nyumba tisa zilifukiwa. Hakufa mtu. Mghoi alipoteza nyumba na cherehani yake. Wakesho alipoteza mbuzi wanne, kwa sababu Ijumaa alikuwa akigonga milango ya watu badala ya kuwafungulia mbuzi wake. Hasara ya Mwadime ilikuwa bega lake.

Jumatatu Bwana Farjalla alifika, kama alivyosema. Aliziacha sandali nje ya darasa, akawapa wote pole, akakaa kwenye benchi la nyuma. Mhandisi Auma naye alikuwapo, na alikuwa na neno.

"Kuna kipande cha jabali kilichobaki," alisema. "Hakijatulia. Nataka mtu mmoja wa hapa, aajiriwe miaka miwili, kazi yake iwe kukilinda. Kila wiki aniletee habari za juu na za ndani. Nafasi ni moja. Mchagueni nyinyi."

Malemba aliweka kamera mbili juu ya meza ya mwalimu. "Wenyewe waseme kwanza," alisema.

Mghoi akasimama. "Bila kamera hii ndogo Mhandisi asingepiga simu. Hakuna aliyekuwa akitusikiliza mpaka picha ya mtini ilipotoka. Na kipande kilichobaki kiko juu, hakuna mwenye mbawa hapa. Mimi ninaweza kusimama kwenye nguzo ile miaka miwili. Mnanijua."

Mwadime akasimama, mkono umefungwa kwa kitambaa. "Shemeji amesema kweli. Lakini picha zake zilisema kuna ufa. Yangu ilisema ondokeni. Jabali huanza kuachia ndani, gizani, na gizani hiyo kamera yake tumeiona. Ningetoka mapema ningekuwa mzima, na Mhandisi angekuwa na picha iliyotikisika."

Wakesho hakusimama. Alikuwa akiitazama mikono yake.

"Mimi sijui kubonyeza hata moja," alisema. "Lakini nilichora mstari kabla hamjajua hilo duka liko wapi. Mghoi, nani alikwambia utazame? Mwadime, ndani ya picha yako kuna nini zaidi ya chokaa yangu? Kubonyeza ninaweza kufundishwa. Miezi saba ya kuingia mle peke yangu, bila kuaminiwa na mtu, hiyo nani atafundishwa?"

Mtu mmoja nyuma akasema wapokezane. Auma akatikisa kichwa: anayeliona kila wiki ndiye atakayejua limebadilika. Mwingine akasema Wakesho apewe kazi.

"Na kamera gani?" akauliza Malemba.

Waliokuwa upande wa Mghoi wakasema ndogo, waliokuwa upande wa Mwadime wakasema kubwa, kelele zikaanza upya. Mghoi na Mwadime, waliokuwa wakila chungu kimoja, wakawa hawatazamani.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Farjalla bado yuko kwenye benchi na ana safari. Msiniambie wagawane, kazi ni moja na kamera inayobaki ni moja. Wewe uliyekaa karibu na mlango, nimeona ulivyokuwa ukitikisa kichwa tangu nianze, basi tufungulie wewe: ipi inarudi Voi, na kesho asubuhi ni nani anayepanda kulitazama jabali?