Punje ya Mchanga Kwenye Taulo

Wahenga hawakusema mdharau jiwe, wala hawakusema mdharau gogo. Jiwe na gogo kila mtu huviona akavikwepa. Walisema mdharau mwiba, kwa kuwa mwiba ni kitu ambacho mtu hukitazama, akakicheka, kisha akakikanyaga. Maana yake ni kwamba jambo dogo likipuuzwa leo, kesho hurudi likiwa limevimba hata likamshinda aliyelipuuza. Makoye aliijua methali hiyo tangu darasa la nne, na aliwahi kuiandika ubaoni kwa mwandiko uliosifiwa. Kuijua kwa kuumia ndiko kulikochelewa.

Makoye alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mrefu kama mlingoti, mtoto wa wafugaji wa Msangano. Ng'ombe aliwaachia kaka zake, akapanda kuja Tunduma kuosha magari kando ya barabara iendayo mpakani. Katika mji ule wa vumbi na misururu ya malori, kazi haikumpiga chenga. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu. Gari liliingia kwake likiwa limefanana na kichuguu, na kabla mwenyewe hajamaliza chai yake, lilikuwa linameremeta. Madereva wa kutoka Zambia walimwita Umeme, naye jina hilo alilivaa kama kofia ya sherehe.

Basi ikatokea kwamba Bi Mwamvua, mfanyabiashara aliyeheshimika mjini, akafungua yadi ya kuuzia magari. Akatangaza kwamba anatafuta mtu mmoja wa kusimamia uoshaji na ung'arishaji wote pale yadini, naye atapewa banda lake, maji yake na vijana wake.

"Nina magari mawili meusi yameshuka kutoka bandarini," alisema. "Yanafanana kama mapacha. Jumamosi nitampa kila mshindani moja. Sitaki maneno, nataka kuona rangi."

Washindani walikuwa wawili tu: Makoye na Tusekile.

Makoye aliposikia jina la mpinzani wake, alicheka hadi akashika mbavu. Tusekile alikuwa dada wa makamo kutoka Ibaba, huko milimani Ileje, mtaratibu kama maji ya mtungini. Mji mzima ulimjua kwa jambo moja: mataulo. Alikuwa akifika sokoni anachagua taulo kwa nusu saa nzima. Alilipitisha shavuni, akalipitisha tena upande wa ndani wa mkono, akalinyanyua juani kutafuta uzi mgumu. Lililokuwa na pindo la kukwaruza alilirudisha. Lililomridhisha alilibandua kile kitambaa kidogo cha nembo kwa wembe, akaenda kulifua peke yake kabla ya kulitumia. Ya kukaushia yalikuwa manene yenye manyoya marefu. Ya kung'arishia yalikuwa ya manyoya mafupi, laini kama sikio la paka. Na ya magurudumu hayakuruhusiwa hata kukaa ndoo moja na wenzake.

"Dada Tuse," Makoye alimtania siku moja mbele za watu, "unanunua taulo au unachagua mchumba?"

"Mchumba akinikwaruza nitapona, kaka Makoye," alijibu bila kuinua macho. "Rangi ya gari haiponi yenyewe."

Watu waliangua kicheko, na Makoye akacheka kuliko wote. Yeye taulo kwake lilikuwa taulo. Wiki ile alitembea kama mtu asiyegusa ardhi. "Jumamosi jiandae," alimwambia mkewe, Happy. "Narudi na funguo za banda."

Jumamosi ikawadia. Saa tatu asubuhi yadi ilikuwa imefurika. Mamalishe waliacha masufuria yao, mawakala wa forodha waliacha makaratasi yao, na madereva walikaa juu ya vichwa vya malori ili waone vizuri. Chini ya paa la mabati yalisimama yale magari mawili, yamejaa vumbi la safari ndefu. Kando yake alisimama mzee mmoja mwembamba aliyevaa koti la suti na tai. Huyo alikuwa Mwalimu Eliudi wa Hasamba, mstaafu na mkulima wa kahawa, ambaye tayari alikuwa amelinunua gari la upande wa Makoye. Lilikuwa gari lake la kwanza tangu azaliwe. Alikuwa akilizunguka polepole, mikono nyuma, kama anayesahihisha mtihani uliojibiwa vizuri.

"Anzeni!" Bi Mwamvua alipaza sauti.

Maji yakaruka! Povu likapanda! Makoye aliliendea gari kama simba aendaye swala. Paa, boneti, milango, buti. Mkono wa kulia ukisugua, wa kushoto ukisuuza. "Umeme! Umeme!" umati uliimba, na Happy akapiga vigelegele huku mtoto akidunda mgongoni. Upande wa pili Tusekile alikuwa bado anamwagia maji tu, akiliacha vumbi lishuke lenyewe kabla ya kuligusa. Makoye alimtupia jicho, moyo wake ukaruka kwa furaha. Ushindi aliuona kama mtu aonavyo nyumba yake mwisho wa njia.

Wakafika kwenye kukausha. Hapo ndipo upepo wa Septemba ulipovuma ghafla kutoka barabarani, ukapita chini ya paa, ukayakumba mataulo yaliyotundikwa kwenye kamba. Taulo la Makoye likaanguka chini. Taulo kubwa la Tusekile, lile alilolitegemea, nalo likaanguka chini.

Tusekile aliliokota, akalitazama, akalitumbukiza kwenye ndoo ya magurudumu. Umati uliguna. Alikuwa amebakiwa na dogo moja tu la kukaushia, la ukubwa wa leso.

Makoye aliliokota lake, akalikung'uta mara mbili, pwaa, pwaa, akarudi kwenye boneti.

"Kaka Makoye!" Tusekile alipaza sauti. "Hilo limegusa chini, lina mchanga! Usilirudishe kwenye rangi. Chukua hata kipande changu, tugawane."

Makoye alisita. Kwa kufumba na kufumbua kitu kilimnong'oneza kwamba dada yule hasemi uongo. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na mbele yake ushindi ulikuwa unamkonyeza.

"Punje ya mchanga italifanya nini gari la tani nzima?" alijibu kwa sauti ya kusikika na wote. Yadi ikalipuka kwa kicheko. Akalikandamiza taulo, akalizungusha na kulizungusha kwa nguvu zake zote, paa hadi buti.

Alimaliza dakika ishirini kabla ya mwenzake. Gari lilikuwa jeusi tititi, linang'aa kama jicho la ndama. Dereva mmoja Mzambia, Brayan, aliruka kutoka kwenye lori lake akipiga makofi. "Mwabombeni, mukwai!" alimpongeza kwa Kibemba. Tusekile alikuwa bado anakausha mlango kwa kile kitaulo chake, akikikamua kila mara, akikitandaza na kukivuta taratibu bila kukandamiza. Alipomaliza, hakuna aliyepiga kelele.

Bi Mwamvua aliyazunguka magari yote mawili. "Hapa kivulini siwezi kuamua," akasema. "Yatoeni juani."

Vijana wakayasukuma nje. Jua la Tunduma lilikuwa limepanda, kali na jeupe, likayaangukia yote mawili kwa pamoja.

Gari la Tusekile lilikuwa kama kisima. Mawingu yalipita ndani yake, na watu wakajiona hadi vifungo vya mashati.

Kwenye gari la Makoye, jua lilipogonga boneti, ilijitokeza mikwaruzo myembamba isiyo na idadi, duara ndani ya duara, kama utando wa buibui uliotandazwa kuanzia taa hadi taa. Paa nalo lilikuwa hivyo hivyo. Milango nayo ilikuwa hivyo hivyo. Kila mzunguko wa mkono wake ulikuwa umeandikwa pale.

Makoye alilamba kidole, akasugua akidhani ni uchafu. Haukutoka. Akageuka, akakutana na macho ya Mwalimu Eliudi. Mzee yule hakugomba. Alikuwa ameinama, akipitisha kiganja juu ya boneti kama mtu agusaye paji la mtoto mwenye homa.

"Nisamehe, mwalimu," Makoye alisema. "Nisamehe sana."

Bi Mwamvua alimkabidhi Tusekile funguo palepale, na safari hii vigelegele vilitikisa mabati. Happy naye alipiga, machozi yakimlengalenga. Tusekile alizipokea, kisha akamwendea Makoye.

"Haijaingia ndani sana," alisema. "Inatibika. Lakini ni kwa mkono, kipande kwa kipande, dawa na taulo safi. Ukikubali, nitakuelekeza."

Alikubali. Alianza mchana ule ule. Alisugua Jumapili baada ya ibada, akasugua Jumatatu, akasugua Jumanne hadi alasiri. Vidole vilimvimba, mabega yakamuwaka, na kila kipande cha shubiri moja kilimgharimu saa nzima. Wateja wake walipita wakimtafuta Umeme, wakamkuta ameinama juu ya mlango mmoja kama mshonaji. Taulo lililogusa chini alilitenga mwenyewe bila kuambiwa.

Jumanne ile, gari liliposukumwa juani, Mwalimu Eliudi alivaa miwani yake, akalikagua toka taa ya mbele hadi ya nyuma. Halafu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, meno yote nje, akamshika Makoye begani.

"Umelitibu, kijana wangu. Hebu niambie, kulibadilisha lile taulo siku ile kungekuchukua muda gani?"

Makoye alivitazama vidole vyake vilivyovimba.

"Pumzi moja tu, mwalimu."

"Na kutolibadilisha?"

"Siku nne, na banda."

Tusekile, aliyekuwa akiwasikiliza kutoka mlangoni mwa banda, alimwita Makoye aje kazini kesho yake, kwani mikono myepesi haitupwi. Makoye alikwenda, na kwa furaha kubwa. Lakini kuanzia siku hiyo, kila aliyeuliza kwa nini Umeme wa Tunduma anapitisha taulo shavuni kabla ya kuligusisha gari, alijibiwa kwa maneno yale yale ya ubaoni: mdharau mwiba, mguu huota tende.