Siku Mwalimu Namkunda Alipoupanda Mlima

Kushuka baiskeli si kushindwa na mlima. Methali hii mmeisikia leo kwa mama yenu, watoto, mkaniuliza ilitoka wapi. Ilianza hivi, nami nilikuwapo.

Nilikuwa mwalimu mgeni katika shule moja karibu na Mombo, chini ya milima ya Usambara. Pale alikuwapo Mwalimu Namkunda, mama wa miaka hamsini na minane, aliyekaribia kustaafu. Miaka thelathini alifundisha jiografia, na kila mwaka aliichora milima ile ubaoni. Lakini Mtae, ukingoni kabisa, ambako mtu hulitazama bonde zima kwa chini, hakuwahi kufika. Likizo ya Juni akatangaza kwamba atakwenda kwa baiskeli, aione nchi polepole. Mimi na mwenzangu Hoza tukaomba kumsindikiza. Kusema kweli, tulitaka atuone tulivyo na nguvu.

Baiskeli yake ilikuwa nzito, haina gia, na kwenye karia alifunga blanketi na chupa ya chai. Barabara ilipoanza kupanda, akashuka, akaanza kuisukuma. Nilipompita nikamwambia kwa mzaha kwamba mlima umemshinda mapema.

"Haujanishinda," akajibu. "Umenishusha tu."

Tukamwacha. Kila kona niliyoipita ilizaa nyingine iliyo kali zaidi, nami nilikuwa nimeapa kutoshuka. Kabla ya kufika mji mdogo wa Soni paja langu likakakamaa kama kamba ya kisima, nikaanguka na baiskeli yangu kando ya barabara. Hoza nikamwambia atangulie. Nilipobaki peke yangu nikaamua kusubiri lori lolote linaloteremka, linirudishe Mombo.

Mwalimu Namkunda akatokea kwenye kona, anasukuma kwa mwendo uleule. Mkononi alikuwa na ndizi alizopewa na mama mmoja njiani, na alikwisha kujua majina ya watoto wote wa mama yule. Akanipa maji yenye chumvi kidogo, akaninyoosha mguu. Nikamweleza kuhusu lori.

"Kwa nini husukumi?" akauliza.

Nikasema naona aibu, watu watanicheka.

Akaiinua baiskeli yangu. "Mwanangu, kushuka baiskeli si kushindwa na mlima. Kugeuza ndiko kushindwa."

Nikainuka. Tukasukuma pamoja, nikichechemea, na kila palipokuwa tambarare tukapanda baiskeli na kukanyaga pedali. Ndipo nilipouona mto ukiporomoka kwenye mawe na mashamba ya kabichi yaliyoning'inia kwenye miteremko. Hoza tulimkuta Soni, amelala hoi kwenye baraza la duka. Kesho yake, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka baiskeli na kusukuma.

Siku ya tatu tukafika Mtae. Mwalimu akaiegemeza baiskeli kwenye jiwe, akasogea ukingoni. Bonde lilikuwa chini yetu, limenyamaza, limekwenda mpaka macho yalipochoka. Akatuonyesha kwa kidole reli, mashamba ya mkonge, na milima ya Upare kwa mbali, bila kukosea hata kimoja. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Sijapata kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu saa ile.

Shule ilipofunguliwa nikawasimulia walimu, na maneno yale yakashuka mpaka sokoni. Ndiyo hayo mama yenu aliyomwambia dada yenu leo, aliporudi nyumbani akiwa mgonjwa, ameahirisha mwaka wa chuo. Mwaka kesho atarudi darasani. Kushuka baiskeli si kushindwa na mlima.