Zamu ya Skola

Mtu mmoja alikuwa na roboti arobaini na moja, zile za kuchezea, ukizikunja zinakuwa magari, ukizikunjua zinasimama kama watu. Jina lake Gaudensi. Kazi yake ilikuwa kupima malori kwenye mizani ya barabara kuu, na mvi zilishamjaa hadi masikioni. Roboti alizichokonoa kwenye mitumba, nyingine akaziagiza ng'ambo, zote akazipanga ndani ya kabati la vioo, akatia kufuli. Vyombo vya mkewe vikahamia chini ya meza. Mkewe alinyamaza, na mwanamke akinyamaza husemwa ameridhika.

Gaudensi hakuwa na wazimu. Kuna kitu alikuwa anakitafuta.

Utotoni, kule Mpwapwa, yeye na mdogo wake Skolastika walikuwa na roboti moja tu, iliyokuwa ikigeuka lori jekundu. Mama yao hakupenda makelele, akaweka sheria: ukiigeuza mara moja, mpe mwenzio. Basi Gaudensi huisimamisha mtu, Skola huikunja lori, Gaudensi huisimamisha tena. Asiye na zamu hukaa amebana mikono katikati ya magoti, mate hayashuki, macho hayabanduki kwenye roboti. Walimaliza siku nzima hivyo, hata njaa wakaisahau.

Asubuhi ya Gaudensi kwenda shule ya bweni, zamu ilikuwa ya Skola. Gaudensi akaipachika roboti ndani ya soksi, soksi sandukuni, akaondoka. Huko bweni aliigeuza mara mia, hakuna wa kumngoja. Kabla ya likizo ilishamchosha. Akaiacha uvunguni mwa kitanda, na hakujua ameacha na nini kingine.

Ukubwani, kila roboti aliyoipata aliigeuza mara moja, akausikiliza moyo wake. Kimya. Akasema, labda siyo hii. Akatafuta nyingine. Ya arobaini na moja ilikuwa aina ileile hasa, lori jekundu, mpaka taa za mbele zilifanana. Akaigeuza. Moyo ukakaa kimya kama mtungi mtupu. Akaifungia na wenzake.

Mwaka huo Skola alikuja kumtembelea, bibi wa wajukuu watatu, ana mfuko wa karanga na vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi. Akasimama mbele ya kabati, akaliona lori. Kaka yake akamwahi: asiguse kioo, mafuta ya vidole huacha alama.

Skola akairudisha mikono yake ndani ya khanga. Akasema, "Haya, kaka. Ila ile zamu yangu ya asubuhi ile, mpaka leo sijaipata."

Gaudensi akautafuta ufunguo, akafungua, akampa lori. Wakakaa mkekani. Skola akaanza kulikunjua kwa vidole vyake vibovu, mguu mmoja, akapumzika, mguu wa pili. Alikawia. Gaudensi angeweza kumsaidia, lakini sheria ilikuwa sheria. Akangoja, na katika kungoja akajikuta amebana mikono katikati ya magoti, mate hayashuki, macho hayabanduki kwenye lori.

Nawe unayelalamika kwamba furaha yako ilipotea zamani, umeshajiuliza zamu uliyoondoka nayo ilikuwa ya nani?